Mtu wa Kumi na Mbili

Siku ile hesabu tatu za ubaoni zilimpita Sindano kwa sababu ya bega.

Bega lenyewe halikuwa lake. Lilikuwa la yule msichana wa duka la dawa aliyekaa safu ya nyuma, karibu na dirisha, na lilikuwa limeegemea, au limekaribia kuegemea, bega la mchumba wa Sindano. Kati ya kukaribia na kuegemea kuna nafasi ndogo sana. Sindano alikuwa fundi cherehani, na kwa miaka kumi na minne alikuwa amekula kwa kupima vitu vidogo. Aliipima nafasi ile kwa macho kutoka safu ya mbele, akaona haipitishi hata wembe.

"Mjukuu wangu, geuka," alinong'ona mzee waliyekaa naye dawati moja. "Shingo itakatika. Ubao uko huku."

"Nilikuwa naangalia saa."

"Saa nayo iko huku."

"Babu, nawe."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Darasa zima lilimwita Babu Posta, kwa kuwa alipanga barua za watu kwa miaka thelathini na mmoja hadi alipostaafu. Alikuja kujifunza aljebra uzeeni kwa sababu siku moja mjukuu wake alimwuliza swali la shule, naye akajifanya amesinzia. Aibu ya usingizi ule wa uongo ilimleta chuoni. Siku ya kwanza kabisa aliukata ufutio wake vipande viwili kwa kisu cha mfukoni, akamsogezea Sindano kipande kikubwa bila kusema neno, na tangu hapo Sindano alimpenda.

Lakini hakutaka kukaa naye. Alitaka kukaa na mchumba wake.

Jambo lilianza hivi. Chuo cha ufundi kilikuwa kinamhitaji mwalimu wa ushonaji. Mkuu wa idara alikuwa ameiona kazi ya Sindano, akaishika sketi ya sare mkononi, akaipindua ndani nje, akasema mshono wa ndani ni mzuri kuliko wa nje wa mafundi wengine. Kilichobaki ni cheti kimoja tu, cha aljebra ya mwanzo. Sindano akaenda kujiandikisha, akaambiwa darasa halifunguliwi mpaka wapatikane watu kumi na wawili, nao walikuwa kumi na mmoja. Alirudi nyumbani amevimba macho. Kesho yake mchumba wake, fundi wa vigae, alitoka kazini na saruji kwenye nywele, akapitia chuoni, akaandika jina lake kwenye mstari wa kumi na mbili.

"Wewe aljebra ya nini?" Sindano alimwuliza.

"Ya kukaa karibu na wewe," alijibu, na Sindano alicheka mpaka akajichoma kidole.

Karibu hiyo haikudumu. Mwalimu alikuwa na sheria yake. Siku ya kwanza alisimama mlangoni akasema, "Mliokuja pamoja mtaachana hapa. Mke na mume, ndugu na ndugu, wachumba na wachumba. Sitaki jibu moja lenye miandiko miwili." Akawapanga mwenyewe. Sindano akapewa Babu Posta. Fundi Vigae akapewa msichana wa duka la dawa.

Sindano hakutaka kulijua jina la msichana yule. Alimwita Manukato, moyoni, kwa kuwa alinukia vizuri, na hilo lenyewe lilikuwa kosa la kutosha.

Wiki saba zilipita. Sasa Fundi Vigae alikuwa akipata alama kumi na nane katika ishirini. Manukato, aliyeanza na tano, alikuwa amefika kumi na nne. Na Sindano, mwenye darasa lake, aliyekuwa analihitaji kuliko wote, alikuwa akipata sita. Kila wiki sita. Alizikokotoa kwa makini, alizirudia, alizipitia kwa ncha ya kalamu kama anayetafuta uzi uliokatika, na mwalimu alizirudisha zimejaa mikato myekundu. Mwalimu yule alikuwa na madarasa matano. Hakusoma njia, alisoma jibu.

Asubuhi ile mama yake alimwona anavaa viatu kwa hasira.

"Unakwenda kule tena?"

"Nakwenda, mama."

"Na yeye yuko na yule?"

"Wamepangwa, mama. Hakuchagua."

Mama aliendelea kukunja nguo. Miaka miwili alikuwa hamtaki Fundi Vigae, kwa sababu ya magoti. Alisema hawezi kumwoza binti yake kwa mwanaume mwenye magoti ya ngamia, maana kutwa anatambaa kwenye sakafu za watu. Siku hizi magoti aliyasahau, alikuwa amepata jambo bora.

"Mimi nashangaa kitu kimoja," alisema. "Umemtoa mwenyewe kwenye saruji. Umemnunulia daftari. Umemkalisha karibu na msichana wa dukani, mwenye kucha. Halafu unarudi hapa unanuna. Sasa nani alaumiwe, daftari?"

"Mama, nitachelewa."

"Chelewa. Kwani ukiwahi unapata saba?"

Hilo ndilo lililomfuata njia nzima.

Sasa mwalimu alikuwa ameshagawa karatasi za jaribio, na Sindano alikuwa ameiona sita yake, na alikuwa ameikunja karatasi na kuitupa kwenye kapu la taka kama kawaida yake. Darasa likaisha. Watu wakasimama. Aligeuka kwa mara ya mwisho, akawaona wale wawili bado wameinamia kitu mezani, na Manukato anacheka ameziba mdomo kwa mkono. Fundi Vigae naye alikuwa anatabasamu. Alikuwa na tabasamu la upande mmoja, la kulia, na Sindano alikuwa akidhani upande ule ni wake peke yake.

Alikwenda. Hakujua atasema nini, alikwenda tu, na alipofika aliona kilichowachekesha.

Ilikuwa karatasi yake. Si ya leo. Ya wiki iliyopita, ile aliyoikunja na kuitupa. Ilikuwa imenyooshwa vizuri, na kwenye pembe kulikuwa na doa la mafuta ya cherehani, dogo, la mviringo. Mwandiko wake. Sita yake, nyekundu, katikati yao.

Manukato aliacha kucheka. "Dada, karibu. Tulikuwa tunaiangalia hii ka..."

"Nimeona mnachoangalia," Sindano alisema.

"Sindano, ngoja," alisema Fundi Vigae.

"Umeitoa wapi?"

Fundi Vigae alimtazama Babu Posta. Babu Posta alikuwa anafunga mkoba wake taratibu sana, kama mtu ambaye mkoba wake umekuwa mgumu ghafla.

"Babu?"

"Aliniomba," alisema Babu Posta. "Kila ukitupa, nampelekea. Miaka thelathini na mmoja, mjukuu wangu. Sijawahi kuacha karatasi ya mtu bila kuifikisha."

Sindano alitoka.

Ofisi ya usajili ilikuwa mwisho wa ukumbi, dirisha dogo lenye vyuma na juu yake saa ya ukutani. Ilikuwa saa tisa na dakika ishirini. Karani alikuwa mama mnene mpole aliyevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani.

"Fomu ya kujiondoa," Sindano alisema.

"Una bahati. Mwisho leo, saa kumi." Karani aliichomoa fomu, kisha akaangalia orodha yake, akaangalia tena kwa miwani ya pili. "Aljebra ya mwanzo. Mko kumi na wawili. Unajua ukitoka wewe wanabaki kumi na mmoja?"

"Najua kutoa."

"Basi darasa linafungwa. Orodha ikifika saa kumi haijatimia, kila mtu anarudi kwao mpaka mwakani. Yaani, mama, ukitoka unatoka nao wote."

Sindano aliitazama fomu. Kisha, kwa mara ya kwanza baada ya wiki tatu, alihisi utamu kifuani. Aliuona waziwazi, kama nguo iliyotandikwa mezani. Jina moja kwenye fomu, na bega lile lingeondoka. Dirisha lile, dawati lile, kicheko kile cha mkono mdomoni, vyote vingefungwa mpaka mwakani. Hakuhitaji kumgombeza mtu. Alihitaji kalamu tu.

Alikaa kwenye benchi la ukutani, akafungua mkoba. Kalamu yake iliandika nusu ya herufi ya kwanza, ikakauka. Akaitikisa. Akaipulizia. Ikakataa.

"Chukua hii, dada."

Manukato alikuwa amesimama mbele yake, na kalamu ya bluu mkononi. Kucha zilikuwa fupi. Mama alikuwa amekosea. Au zilikuwa ndefu, zikakatwa.

"Inaandika vizuri," alisema msichana. Hakuitazama fomu, au aliitazama akajifanya hakuiona. "Na pole kwa kule ndani. Hatukukucheka wewe. Tuliicheka kamba."

"Kamba gani?"

"Atakwambia mwenyewe. Mimi nawahi zamu yangu." Alipiga hatua mbili, akarudi. "Hiki cheti wameniambia nikikikosa sipandi daraja pale dukani. Nilikuwa na tano, unajua. Nilikuwa nalia chooni."

Akaenda zake, na manukato yake yakabaki kidogo kwenye ukumbi. Sindano alibaki ameishika kalamu. Ilikuwa bado na joto la mkono wa mtu.

Aliandika jina lake kwenye mstari wa kwanza. Mstari wa pili uliuliza sababu ya kujiondoa. Hapo alikwama.

"Andika mimi," alisema Fundi Vigae.

Alikuwa amekuja kimya, kama kawaida yake, akakaa mwisho wa benchi, mbali kiasi cha mtu mmoja. Karatasi ile yenye doa la mafuta ilikuwa mkononi mwake.

"Sina la kuongea na wewe."

"Umeninunia wiki tatu."

"Sikukununia. Nimenyamaza."

"Kuna tofauti?"

"Anayenuna anataka aulizwe. Mimi sitaki kuulizwa."

"Basi sikuulizi," alisema, akanyamaza kweli. Saa ya ukutani ilipiga hatua zake. Karani nyuma ya dirisha alianza kupanga faili ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Sindano ndiye aliyeshindwa. "Ulikunywa naye chai."

"Nilikunywa. Mara moja, hapo kantini."

Alitegemea akane. Kukiri kule kulimchoma mahali ambapo hakuwa amejiandaa. "Na mkaongea nini?"

"Aliniuliza kama nina mtu. Nikamwambia ninaye, yuko safu ya mbele, amenuna."

"Ulimwambia nimenuna?"

"Nilidhani ni kununa. Hiyo tofauti nimeijua leo."

Sindano alitaka kucheka, akakataa kucheka, na kule kukataa kukamletea machozi. Aliyafuta kwa nyuma ya mkono. Fundi Vigae hakusogea karibu. Alijua wakati wa kusogea na wakati wa kutosogea. Kigae kikiwa kibichi hakiguswi.

"Kwa nini umempa aione sita yangu?" aliuliza Sindano. "Chai nakusamehe. Hiyo siwezi. Ungemwonyesha nimevaa kanga iliyotoboka, ningeona afadhali."

"Nilikosea," alisema. "Hilo nimekosea, sina la kujitetea. Wiki tatu naziangalia karatasi zako, sioni kosa liko wapi. Njia yako ni nzuri kuliko yangu. Kila mstari uko sawa, halafu mwisho jibu si lenyewe. Leo nikachoka, nikamsogezea. Naye akaona kwa mara moja."

"Akaona nini?"

Aliitandaza karatasi kwenye benchi kati yao. "Soma hili la nne."

Sindano alisoma kwa uchungu. "Kamba ya sentimita arobaini imekatwa vipande viwili. Kimoja kimezidi kingine kwa nane. Tafuta urefu wa kila kipande."

"Umeandika nini?"

"Kifupi ni x, kirefu ni x na nane. Mbili x na nane ni arobaini. X ni kumi na sita."

"Halafu jibu lako?"

"Kumi na nane. Na ishirini na sita."

"Jumlisha."

Sindano alijumlisha. Akajumlisha tena. "Arobaini na nne."

"Kamba ilikuwa ngapi?"

Sindano alirudisha kidole kwenye arobaini ya swali.

"Yule akasema, kamba ya dada huyu imeota. Ndicho kilichotuchekesha." Alisogeza kidole chake, kidole kigumu chenye mipasuko ya saruji, kwenye swali la saba, kisha la tisa. "Ukuta, umeongeza mbili. Ubao, umeongeza mbili. Kila chenye urefu unakipa sentimita mbili za bure. Na hizi sita ulizopata, angalia. Umri wa mtoto. Idadi ya viti. Hazina mahali pa kukata."

Sindano aliitazama karatasi kwa muda mrefu. Aliuona mkono wake. Miaka kumi na minne, kila kipande alichokata kwenye meza ile, mkono ulikipa sentimita mbili za mshono kabla kichwa hakijasema. Hakuwahi kuuamuru. Kitambaa bila nafasi ya mshono ni kitambaa kilichoharibika. Na mkono ule ule, mwaminifu, ulikuwa umekaa darasani wiki saba ukiongeza mshono kwenye kamba za mwalimu.

"Hakuna anayezishona," alisema polepole.

"Hakuna anayezishona."

"Na wewe? Mbona wewe hukosei?"

"Nani kakwambia? Majaribio ya mwanzo nilipata nane tu. Nilikuwa naacha nafasi ya saruji kati ya kila kigae. Mwalimu anauliza vigae vingapi vinajaa ukuta, mimi naleta vichache. Nilipogundua, wiki tatu zilizopita, nilikwambia, hukusikia. Ndiyo siku ulipoanza kunyamaza."

Alikumbuka. Siku ile Fundi Vigae alikuwa anamsimulia jambo njiani, na yeye Sindano alikuwa anahesabu mara ngapi amemtaja yule msichana. Alimtaja mara mbili. Mengine yote hakuyasikia.

"Nikwambie kitu kibaya?" alisema Sindano.

"Niambie."

"Nina wivu."

"Hilo hata Babu Posta analijua."

"Si huo." Alikuwa anaizungusha ile kalamu ya bluu vidoleni. "Wa yule msichana nilikuwa nao, na bado ninao, usidhani umeisha. Lakini mkubwa si huo. Nakuonea wivu wewe. Ulikuja kunijazia namba tu. Ulikuja na saruji kichwani, hata daftari huna, ukapata kumi na nane. Kila mwalimu akikusifu nilikuwa natamani ukosee. Mtu anayenipenda, nilimwombea akosee. Nikaona afadhali niseme ni bega la yule, maana bega linasemeka. Hili lingine, ningemwambia nani?"

Fundi Vigae alikwangua saruji kwenye kucha yake. Ukumbini kulikuwa na mtu anafagia mbali, na ufagio ulisikika ukikaribia na kurudi.

"Nitoke?" aliuliza. "Nikitoka mimi, wewe ukabaki. Cheti mimi sina kazi nacho."

"Ukitoka darasa linafungwa. Wewe ndiye wa kumi na mbili."

"Na wewe je? Ukitoka?"

"Linafungwa vilevile." Aliitazama fomu. "Nilijua. Karani aliniambia. Nilikuwa nataka lifungwe, ili umwachie yule dawati lake. Na kalamu ya kulifungia nimepewa na yeye mwenyewe."

Fundi Vigae hakumwambia kwamba hilo ni baya. Alinyoosha tu mkono wake wazi juu ya benchi, katikati ya ile nafasi ya mtu mmoja, na kuuacha pale. Sindano aliuangalia. Hakuushika mara moja. Kwanza aliigeuza fomu, upande wa nyuma usio na maandishi, akaandika: kamba ya arobaini, vipande viwili. X na x na nane. Alipofika kwenye jibu, mkono wake ulianza kuandika kumi na nane. Ukaandika moja, ukasimama. Aliuona ukisitasita kama mbuzi kwenye kizingiti. Akaandika sita. Kisha ishirini na nne.

Akajumlisha. Arobaini, wala uzi haukuzidi.

Ndipo akauweka mkono wake juu ya ule wa saruji. Ulikuwa mkavu, mzito, na haukubana.

"Jumamosi ijayo nikipata zaidi yako," alisema, "utanuna?"

"Nitanyamaza."

Safari hii alicheka, na machozi yaliyobaki yakatoka pamoja na kicheko.

"Mama," aliita karani kupitia kwenye vyuma vya dirisha, ameshika kufuli. "Saa kumi kasoro mbili. Fomu yako iko tayari?"

Sindano aliinua ile karatasi, mbele ina jina lake na nyuma ina kamba.

"Samahani, mama. Nimeichafua."

Karani aliitazama kwa miwani ya kwanza, kisha kwa ya pili. "Imechafuka kabisa," alikubali, "na nyingine sina." Nyuma yake kulikuwa na bunda zima. Akafunga dirisha.

Siku ya Jumatano Sindano aliingia darasani mapema, akaukuta upande wake wa dawati umeshafutwa vumbi na Babu Posta. Fundi Vigae alipofika alinyoosha mkono, akasema, "Nipe ile kalamu nimrudishie mwenzangu."

"Acha," alisema Sindano. "Najua anakaa wapi."

Akaibeba mwenyewe mpaka safu ya nyuma, karibu na dirisha, akamwekea msichana yule mkononi, na akamwuliza anaitwa nani.